Mwashi Mbele ya Diski

Jumatano, tarehe 4 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi.

Jioni, fundi mwashi alikuja darasa la kompyuta kuaga, akitaka kuacha masomo. Mashine yake ilikuwa nzito kama punda aliyegoma, naye aliamini mzito ni yeye.

"Kabla hujaenda, panga diski ya mashine yako," mwalimu alimwambia. "Mafaili yamekatika vipande, yametawanyika kila kona."

Mwashi akachagua diski, akaweka kazi ijirudie kila Jumatano, akabonyeza kwa kidole kilichopasuka kwa saruji.

Kwenye skrini, miraba midogo myekundu ikaanza kuhama mmoja mmoja, ikijipanga safu na kugeuka buluu.

"Mwalimu, na barua yangu niliyoiacha wazi humu?"

"Endelea kuandika tu, haidhuriki."

Akaandika neno. Likakaa mahali pake.

"Ee Mungu," akanong'ona. "Nyumba inajengwa upya na wenyewe wamo ndani!"

"Babu, funga mdomo, nzi wataingia," msusi wa dawati la nyuma alimtania. Darasa likaangua kicheko.

Mwashi hakucheka. Alisimama, akavua kofia.

"Nyote ni mashahidi," alisema. "Mungu akinijalia uhai, siondoki hapa mpaka nihitimu."