Hotpoti la Shukrani

Simu imekatika, lakini Bi Shamimu, wakala wa ajira, bado ameing'ang'ania. Jukwaa la ujenzi limeporomoka, na Kibwana yuko chini yake. Ni Shamimu aliyempeleka kazini jana, kabla bima yake haijaanza, kwa kuwa msimamizi wa ujenzi alimbembeleza.

"Hodi wenyewe!" Mke wa Kibwana akaingia na hotpoti, anacheka. "Pilau lako, dada. Umetutoa kimasomaso!"

"Jamani, Mwanahawa, usingejisumbua."

"Mbona umeing'ang'ania simu? Iweke chini, ule! Nimewatambia majirani kwamba mume wangu ana mpaka bima. Hawaamini, wambea wale!"

Shamimu akaiweka simu mezani, akafunua mfuniko. Mvuke ukampanda usoni, akashukuru, maana ulimficha macho. Simu ikalia tena. Mwanahawa, aliyekuwa karibu nayo, akanyoosha mkono.