Vichezeo vya Kasuku

Pamba ya kipimo iligeuka nyekundu, na mkaguzi akavuta pumzi ghafla kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Shanga hii ina risasi," alisema.

Fundi viatu aliinua macho. "Risasi ya bunduki?"

"Madini yale yale, baba. Ni sumu, na yamo kwenye rangi."

"Ndiyo maana," fundi alisema. "Tumepigwa risasi polepole, hata mlio hatukuusikia."

Binti huyo mkaguzi alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa ameketi kwenye benchi katika chumba cha mbele, ambako viatu visivyo na visigino vilijazana mpaka mlangoni na harufu ya gundi ilikaba koo. Miguuni pake palikuwa na beseni la vichezeo vya kasuku: kengele, bembea, ngazi ya vijiti, shanga za mbao zilizotungwa kwenye mnyororo. Kila kimoja kilikuwa na kibandiko kilichosema Salama, na kila kimoja kilikuwa kimemegwamegwa na mdomo wa ndege. Mkaguzi alivisugua kimoja baada ya kingine kwa kijiti chenye pamba, glavu mikononi.

Nyuma ya pazia, chumba cha ndani, mwanamke alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kuchimba tumboni, cha mtu asiyepata nafasi ya kuvuta hewa.

Fundi aliishika nyundo hewani mpaka kikohozi kilipotulia, ndipo akapiga msumari. Uso wake ulikuwa umelegea, kama aliyeletewa habari njema.

"Mama anasumbuliwa na nini?" mkaguzi aliuliza, sauti ameishusha.

"Kifua, mwanangu."

"Hospitali walisemaje?"

"Apumzike. Basi, ndiyo kupumzika huko." Aligeuza kiatu, akakitazama soli. "Mimi afadhali nisikie kikohozi. Juzi kasuku alipougua, nyumba ilinyamaza kutwa nzima. Hata chai haikupita."

Mkaguzi alitikisa kichwa. Aliwahi kuwaona wagonjwa wa namna hiyo, waliofunga roho zao kwa paka, kwa ndege, kwa ua la dirishani. Kikiguswa kile, na wao wanazima.

Fundi akamsimulia alivyohangaika. Alikwenda ofisini kwa wakaguzi akiwa na kengele ya kasuku mfukoni, akaambiwa arudi kesho, na kesho ikazaa kesho mwenzake. Mlinzi wa getini alimzoea mpaka akamwita Baba Kasuku. Nani ahangaike na ndege wa mshona viatu? Mpaka kasuku wa wenye majumba walipoanza kuanguka matunduni, ndipo simu zikalia, wakubwa wakakumbuka kazi yao, na gari la ofisi ambalo halijawahi kuwa na mafuta likapata mafuta.

Mkaguzi alikitazama kibandiko kimoja. Vibandiko vile vilitoka ofisini kwao. Yeye alilijua hilo, na fundi alijua kwamba analijua.

"Niambie kweli," fundi alisema. "Atapona?"

Binti alimweleza taratibu. Vyote vyenye rangi atavichukua yeye. Kasuku apelekwe kwa daktari wa wanyama kesho hiyo hiyo, na atundikiwe mbao tupu na kamba ya katani, basi. Wakiwahiwa, wengi hupona.

"Wengi," fundi alirudia. "Maana huyu ndege akinifia, na mke wangu ndiyo basi tena."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nasema ninachokijua."

Mkaguzi akamuuliza vichezeo vilinunuliwa wapi. Fundi akacheka bila furaha. Havikununuliwa. Mke wake ndiye aliyevipaka rangi huko kiwandani, na vilivyotoka vimepinda waliruhusiwa kuja navyo nyumbani, wakaambiwa washukuru. Alipuliza rangi hiyo tangu binti yao yumo mgongoni mpaka binti akaolewa. Kifua kilipoanza kumwaka alikwenda kwa msimamizi. Msimamizi akamwambia anywe maziwa.

"Akanywa," fundi alisema. "Mimi nilikuwa nabandika soli za watu mpaka macho yanauma ili maziwa yasikosekane. Mtu mkubwa amekwambia maziwa, wewe usiyesoma utabisha na nini?"

Kikohozi kikarudi, safari hii kifupi. Fundi akasubiri kiishe.

"Hakuna aliyekuja kumsugulia pamba yeye," akasema. "Leo kwa ndege mmekuja na glavu."

Mkaguzi aliitazama mikono yake. Alizivua glavu, moja, kisha nyingine, akaziweka juu ya beseni. Alitafuta maneno ya ofisi, yale ya uchunguzi unaendelea na hatua zitachukuliwa, akayaona yote yananuka. Akasimama.

"Baba, niruhusu nimwone mama. Nataka nimwombe radhi mwenyewe, ana kwa ana."

Fundi akaacha kazi. Nyundo ilimshuka mkononi ikatua mapajani.

"Wakubwa zako hakuna aliyewahi kuniomba hilo," alisema. "Ingia. Ila polepole, asishtuke."

Binti alijifuta viganja kwenye sketi, akasogeza pazia na kuinamisha kichwa kwa heshima, macho hayajalizoea giza la ndani.

"Shikamoo, mama."

Kitanda kilikuwa mbao tupu, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, limeegemezwa ukutani, limeshika vumbi. Juu ya ubao wa kichwani kasuku alivimbisha manyoya ya shingo, akakohoa kikohozi kirefu cha mwanamke, kisha akaguna kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa kulalia.