Ndoo Tupu ni Nani?

“Ndoo Tupu ni mimi,” Januari aliwaambia waendesha bodaboda wenzake kijiweni, mguu mmoja juu ya pikipiki. “Msishangae. Akili nyingi hazionekani kwa nje.”

“Za kwako hata kwa ndani bado tunazitafuta,” alijibu Hilali wa duka la vipuri. Kijiwe kizima kikacheka.

Mtaa wote uliufuata ukurasa wa Ndoo Tupu mtandaoni. Kila asubuhi swali moja tu: pampu ya kisima chetu ilipelekwa matengenezo, mbona hairudi? Siku ya tisini, siku ya mia, swali halichoki. Chini yake watu walibishana mpaka jioni, hata wale ambao mkutanoni huinamisha vichwa kama wanatafuta sindano. Mwandishi hakuna aliyemjua. Ndiyo maana Januari alijitwalia cheo.

Siku ya mia na kumi na tatu, swali la asubuhi likiwa bado halijatoka, mgambo akafika kijiweni.

“Januari nani hapa? Mtendaji wa kata anakuita.”

Wazo la kwanza lilikuwa kuwasha pikipiki, asisimame mpaka kwa shangazi yake, kijijini Lagangabilili. Lakini habari zilishatangulia. Nje ya ofisi ya kata wanawake walikuwa wamepanga ndoo mstari. Nyanjige muuza nyanya, ambaye siku hizi alichota maji dimbwi moja na ng'ombe, akamshika bega.

“Usituangushe, ng'wanone, mwanangu. Ukikana leo, hakuna atakayeuliza tena.”

Kukana ndiko alikokuwa amekupania. Akaingia.

Mtendaji, Harieth, mama mpole aliyehamishwa kutoka Bukoba, alifunga mlango mwenyewe. Akaketi, simu yake mezani.

“Kijana, wewe ndiye Ndoo Tupu?”

“Ndiyo, mama.”

“Juzi chini ya swali uliongeza kwamba barua ya pili ya kata kwenda juu haijajibiwa. Ulijuaje?”

“Nina watu wangu.”

“Watu gani?”

“Wako... wengi tu.”

Harieth akamtazama kama mwalimu aliyeshika daftari lililonakiliwa. “Wakubwa wangu wamenipigia mara mbili wakimtaka huyo mtu. Futa huo ukurasa, yaishe, urudi kwa abiria wako.”

Angeweza kusema ukweli hapo hapo. Mdomo ulishafunguka. Lakini dirishani aliiona ile foleni ya ndoo, na Nyanjige akiwa wa kwanza, na kitu kikampanda kifuani.

“Sifuti.”

“Nitakuweka ndani.”

“Niweke! Mkinifunga mimi, na zile ndoo pale nje mtazitia pingu?” Alishangaa kusikia sauti ni yake. “Pampu ni yetu, mama. Hatuombi. Tutauliza mpaka mtu aone aibu!”

Harieth akachukua simu yake, akaanza kubonyeza. Januari akafumba macho, akisubiri kusikia polisi wakiitwa.

“Fumbua macho, baba.”

Simu ilikuwa imegeuzwa kwake. Ukurasa wa Ndoo Tupu, pale anapoandikia mwenyewe tu: *Siku ya mia na kumi na tatu.* Baada ya hapo, patupu.

“Tangu asubuhi maneno yamenigomea,” alisema mtendaji. “Hebu hiyo ya pingu irudie, taratibu.”