Tupa ya Mzee Fidelis

Petro alikuwa anapiga tupa tena. Ule mlio ulianza baada ya chai na kumfuata Winfrida kila alikokwenda, jikoni, bafuni, hadi kitandani alikojifunika khanga kichwani. Arobaini ya mumewe ndiyo kwanza imepita, na tayari mpwa wa marehemu amejaa uani kwake hapa Kihonda, amepakata mapajani silinda hedi, kile kichwa cha injini ya pikapu.

Pikapu ilikuwa ya Mzee Fidelis. Injini yake ilikufa, akanunua hedi ya Kichina, ile ya bei ya kutupwa, akasema ataichonga mwenyewe nyumbani. Apanue njia za hewa, alainishe kuta zake, injini ivute pumzi vizuri na kupanda milima ya Matombo na shehena ya ndizi bila kulalamika. Winfrida ndiye aliyemshikia tochi. Maradhi yakamwahi kabla hajamaliza.

Baada ya mazishi kule kwao Matombo wazee wa ukoo wakakaa. Waluguru wana yao: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada zake. Hawakumung'unya maneno. Gari ni la Petro. Stefano, mtoto wa kuzaa mwenyewe, aliyekuwa akihangaika na vibarua Dar, aliambulia mashati ya baba yake, na hayo ni kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na urefu ule.

"Stefano anarudi lini?" Petro aliuliza siku moja, bila kuinua macho.

Winfrida akamkata jicho. Hivi huyu ananisanifu? "Aje kufanya nini? Kukuoshea gari?"

Petro alicheka kidogo, akapuliza vumbi la chuma. Kijitu kifupi, kipole hadi kinakera. Shikamoo Mama Stefa asubuhi, asante Mama Stefa jioni. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, maana mwizi mwenye adabu utamshtaki wapi?

"Wazee wakikuuliza nimefikia wapi," Petro akaongeza, "usiwaambie kitu."

Kumbe hata ndugu zake anataka kuwazunguka, Winfrida akawaza. Anataka ale peke yake.

Jumapili Petro alikwenda misa. Winfrida hakwenda. Alitoa tupa nyembamba ya mviringo kwenye sanduku la marehemu, akakaa kwenye kigoda cha Petro, akaipakata ile hedi.

Pa kupiga alipajua. Mumewe aliwahi kumshika kidole na kukiingiza ndani ya njia ya hewa. "Hapa ndipo pa kuogopa," alimwambia. "Nyuma ya ukuta huu yanapita maji ya kupoza injini, na chuma cha hawa jamaa ni chembamba. Ukizidisha, mjini gari litakwenda tu. Lakini likipanda mlima na mzigo, likapata moto, ukuta unapasuka na injini inakunywa maji. Utaisikia inakohoa, halafu inazima. Ikizima pale, breki zinakuwa nzito, gari linarudi nyuma, na nyuma ni korongo."

Alipiga tupa hadi kiganja kikatoka malengelenge. Aliacha ukuta ukiwa ngozi tu, akapitisha msasa pasijulikane. Alitaka gari limfie Petro njiani, ndizi zimwozee, watu wamcheke. Yale ya korongo hakutaka kuyawaza. Tuseme ukweli, aliyawaza.

Jumatatu Petro aliingiza kidole kwenye ile njia, akatulia. Winfrida akakificha kiganja chake ndani ya khanga.

"Sikumbuki kama nilipalainisha hivi hapa," Petro alisema. Kisha akatabasamu. "Labda mjomba alikuja kunisaidia."

Akaifunga hedi kwenye injini, akawasha. Ikanguruma vizuri, mlio ule ule ambao Fidelis aliusubiri mpaka anakata roho. Winfrida aliingia ndani akalia, na hakujua analilia nini. Alipotoka alimkuta Petro akisukuma kiti cha dereva nyuma, nyuma kabisa, hadi miguu yake mwenyewe ikawa inazifikia pedeli kwa shida. Haya, kashaanza kukaa kibosi.

Siku ya safari ya kwanza ya Matombo Petro aliondoka na pikapu mapema. "Nakwenda, Mama Stefa. Niombee."

"Nenda tu," alisema Winfrida.

Asubuhi nzima hakupika. Alikaa na simu mapajani akijizoeza sauti ya kusema, jamani, pole, imekuwaje tena. Simu ilipoita, aliipokea bila hata kutazama jina.

"Petro?"

"Ni mimi, Mama." Nyuma ya sauti ya mwanawe injini ilikuwa inanguruma. "Petro aliniita nije. Kanipokea Msamvu na gari, kanikabidhi funguo, yeye kabaki stendi. Anasema gari la baba ni langu, ukoo utajijua. Alikuficha na wewe ili wazee wasisikie wakamzuia. Na saruji kanipakilia, nikamjengee baba kaburi."

"Stefano, simama. Simama hapo hapo ulipo."

"Nisimame wapi, Mama? Nimeshaupita Mkuyuni, ndiyo naanza kupanda. Hebu sikia mashine ya baba."

Akaiweka simu juu ya dashibodi. Winfrida alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje, lakini mwanawe alikuwa anasikiliza injini. Ilivuta pumzi, ikapanda, ikapanda. Kisha ikakohoa.