Mechi Zote

Bi Mwanaidi alikiweka king'amuzi cha televisheni mezani, kimefungwa vizuri kwa kanga.

"Muuzaji wenu aliniapia kwamba mechi zote zitaonekana," alimwambia binti wa dukani. "Mume wangu amepooza. Jumamosi tatu sasa anakodolea kioo kitupu."

"Lakini bibi, mkataba ni wa miaka miwili."

"Basi njoo nyumbani, mwanangu, umweleze wewe. Mimi nimeshindwa."

Binti aliinamisha macho, kisha akaugonga mkataba muhuri wa kuufuta.

Jumamosi iliyofuata, Bi Mwanaidi aliazima redio kwa jirani, akamwegemeza mzee begani mwake. Mtangazaji alipopaza sauti, vidole vya mzee vikaanza kutambaa polepole juu ya shuka, vikiufuata mpira.