Wiki Tatu za Kutunza Samaki

Gati aliishika sponji ya tangi la samaki kwa ncha ya kijiti, uso ameugeuzia dirishani, pumzi ameibana. Ilikuwa imevimba na kuteleza kama utumbo wa kondoo ambao haujaoshwa. Mkwewe alikuwa amemwagiza aifue kwa sabuni kila Jumamosi mpaka povu litoke jeupe. Kuishika kwa mikono yake? Hata kwa dawa. Aliichovya mara mbili kwenye ndoo ya maji machafu yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, akairudisha ndani ya chujio, kisha akatoka nje kutema mate.

Tangi hilo la kioo lilikaa sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine za mtaani Nkende huweka televisheni. Honoratha, mkwewe huyo, nesi aliyehamishiwa Tarime kutoka Bukoba, alilinunua Mwanza pamoja na samaki kumi na wawili wa rangi, kila mmoja urefu wa kidole. Alilisafisha kama anavyosafisha wodi: kila wiki maji yote nje, changarawe kwa sabuni, kisha maji mapya moja kwa moja kutoka bombani, yale yanayonuka dawa. Chakula aliwapa kijiko kizima asubuhi na kijiko kizima jioni, maana hakutaka kiumbe chake kilale njaa. Bado samaki walikufa mmoja mmoja, wakabaki watatu. Kila alipoopoa maiti alilia.

Kilio hicho kilimchefua Gati kuliko hata harufu. Alikuwa ametoka kijijini Gorong'a kuja kutibiwa macho, akitegemea kupumzika kwa mwanawe Godwin. Badala yake akajikuta anakula ugali huku anatazamwa na viumbe wasiopepesa macho, wanaokunya ndani ya maji wanayoyanywa. Ng'ombe wa mahari walitoka, ndoa ina miaka minne, mtoto hakuna, na machozi yote yanamwagwa kwa dagaa. Alimwambia Godwin kwenye simu kwamba nyumba inayolea samaki hailei mtoto. Godwin, aliyekuwa kazini Mugumu, alimsihi asilitamke neno hilo mbele ya mkewe. Hakulitamka, lakini hakulisahau.

Basi Honoratha alipoitwa Musoma kwenye mafunzo ya wiki tatu, akamkabidhi samaki pamoja na maagizo yao, Gati aliitikia kwa upole. Moyoni alikwisha kata shauri. Hatatia sumu, wala hatagusa hata pezi. Atawatunza kama wanavyostahili kutunzwa, na wakifa, wamekufa wenyewe.

Chakula akawamwagia kuku. Samaki aliwatupia chembe kidogo, tena siku alizokumbuka, ili Mungu asije akamuuliza. Na maji, nani abebe ndoo nane kwa ajili ya dagaa? Alitoa ndoo moja tu kwa wiki, na ile ya kujazia aliiacha uani siku tatu, ikapigwa jua na vumbi, mpaka alipojisikia kuiingiza ndani.

Kilichomshinda ni yale macho yao. Siku ya nne aliteremka bondeni, akang'oa majani yanayoota majini, akaokota na mawe yenye utelezi wa kijani, akavitumbukiza vyote tangini mpaka samaki wakafichika. Harufu ya tope ilimpanda puani, akakimbilia mlangoni. Aliporudi akalitupia tangi kanga kuukuu. Kuanzia hapo alifunua pembe moja tu, kichwa amekigeuza, na hakutazama tena ndani. Aliyajua yaliyomo. Ni uozo.

Siku ya mkwewe kurudi, Gati alifunga mizigo yake mapema. Jibu alikuwa nalo tayari, limebeba maneno ya miaka minne.

Honoratha aliingia, akamwamkia, akaweka begi chini na kwenda moja kwa moja kwenye tangi. Gati alisikia kanga ikivutwa. Kisha kikaanza kilio kilekile.

"Walikuwa samaki tu," Gati akasema, bila kugeuka.

"Mama," Honoratha akasema, "wamezaa."

Maji yalikuwa meupe kama maji ya chemchemi. Katikati ya majani walicheza samaki wale watatu, wamenenepa, na pembeni yao vitoto visivyohesabika, vyembamba kama kope. Honoratha akampigia simu Method, yule aliyemuuzia samaki kule Mwanza, akamweleza huku akimgeukia mama mkwe kumuuliza alifanya nini na nini. Gati alijibu kwa shida, akitazama sakafu. Upande wa pili Method alicheka kwa furaha. Alisema maji ya bomba lazima yalale kwanza, chakula kiwe chembe, na sponji haiguswi na sabuni hata kidogo, maana ule utelezi ndio unaokula uchafu wa samaki. Akasema huyo mama ni fundi, na kwamba samaki wale wengine waliuawa na usafi.

Honoratha alikata simu, akaushika mkono wa Gati.

"Mimba mbili zimenitoka, mama. Godwin anajua, mimi ndiye nilimkataza kukwambia. Nilishaanza kuamini kila ninachokishika kinakufa."

Yale maneno yake ya miaka minne Gati aliyameza. Alikaa juu ya mzigo wake uliofungwa. Mkwewe alipomwomba asiondoke, alitikisa kichwa kukubali.

Jumamosi Godwin alifika kutoka Mugumu na zawadi ya kumshukuru mama yake. Lilikuwa tangi jingine, kubwa mara mbili ya lile la kwanza, lina samaki arobaini, na wakaliweka chumbani kwa Gati, usawa wa mto anaolalia.