Swali la Tembo

Mwalimu Bupe alikuwa amechoka, hata kalamu nyekundu ilimwelemea vidoleni. Mtihani wa ufahamu aliutunga mwenyewe, na darasa zima lilikuwa limeanguka kwenye swali moja.

“Watoto waliposikia tembo amefika kijijini, walitoka nje mbio. Kwa nini?”

Jibu lake lilikuwa: kwenda kumtazama. Hapa Natta, kijiji kinachopakana na mbuga, wanafunzi wote walikuwa wameandika: kwenda kupiga madebe. Wote akawawekea X.

Akamwita Kezia, aliyekuwa anafuta ubao.

“Hadithi uliisoma?”

“Niliisoma, mwalimu.”

“Madebe umeyatoa wapi?”

Kezia aliiangalia ile X, vumbi la chaki limemjaa mikononi. “Mwalimu, Kiswahili nimekosea wapi?”

“Kiswahili hujakosea. Ila wale watoto walikwenda kumtazama tembo.”

“Kumtazama tu?” Kezia alishangaa kweli. “Na mahindi je? Asipofukuzwa kwa kelele si atayamaliza?”

Bupe alitazama dirishani, kwenye mashamba yaliyofika hadi ukutani mwa darasa. Halafu akaivuta karatasi yake ya majibu, akachora X juu ya jibu lake mwenyewe, na kwa uchovu akaanza kusahihisha upya.